Zamiokulkasi ya mabaka, 'Laurentii' au potulakaria ya rangi mbili: upi unaifaa nyumba yako?

Binti wa mdogo wangu ameolewa, amehamia nyumba ya kale ya mawe huko Mkomani, Lamu. Wiki iliyopita alipita kwenye vitalu vya kando ya barabara hapa Malindi, akanitumia picha tatu na ujumbe: "Shikamoo Mamkubwa. Nimeipenda yote mitatu, lakini safari ni ndefu na siwezi kubeba zaidi ya mmoja. Nichukue upi?"

Picha ya kwanza ilikuwa sansevieria aina ya 'Laurentii': majani marefu yaliyosimama kama panga, katikati yana mawimbi ya kijani cha giza, na kila upande ukingo wa manjano. Ya pili ilikuwa potulakaria ya rangi mbili, vijani vidogo vya mviringo vyenye kingo za rangi ya maziwa, vimeshikana na vijiti vyekundu. Ya tatu ndiyo mpya, na ndiyo iliyomkosesha usingizi: zamiokulkasi ya mabaka. Ile ya kijani tumeshaizoea. Wauzaji huiita kwa herufi mbili tu, ZZ, na imejaa kwenye mapokezi ya mahoteli. Hii mpya inang'aa vile vile, lakini kila kijani, yaani kila jani dogo, kimemwagiwa manjano kwa namna yake. Kimoja kimegawanyika nusu kwa nusu, kingine kina vidoa tu, na kingine ni manjano kitupu kama ganda la ndizi mbivu.

Yote mitatu nimeishi nayo, kwa furaha na kwa hasara. Sikumjibu siku ile ile. Nilimuuliza maswali kwanza, na nayaweka hapa kwa sababu najua si yeye peke yake aliyekwama.

Kwanza, ile rangi yenyewe

Jani ni jiko. Kinachopika humo ni umbijani, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga na kuugeuza kuwa chakula cha mmea. Sehemu nyeupe au ya manjano haina umbijani, au inao kidogo mno. Haiingii jikoni, lakini sahani yake inataka ijazwe kama wenzake.

Hilo ndilo linalofanya mmea wa rangi mbili ukue polepole kuliko ndugu yake wa kijani, hata ukiupa udongo ule ule na maji yale yale. Unahitaji mwanga zaidi ili ile rangi kidogo ya kijani iliyopo iweze kupikia wote. Wakati huo huo sehemu nyeupe ndiyo ya kwanza kuungua jua likiwa kali. Ukikumbuka jambo hili, mengine yote yatakukalia sawa.

Mambo ninayoyapima ni matano: mwanga wa mahali utakapokaa, maji na chumvi yetu ya Pwani, namna ya kupata miche mingine, viumbe vilivyomo nyumbani, kisha mfuko na subira yako.

Kusafisha hewa sikukuweka. Najua wengi hununua 'Laurentii' kwa sababu hiyo, na asili yake ni jaribio la mwaka 1989 la NASA, shirika la anga la Marekani, lililoweka mimea ndani ya visanduku vilivyofungwa. Nyumba si kisanduku. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1000 kwa kila mita ya mraba ili ifanye kazi inayofanywa na hewa inayopita tu nyumbani. Nyumba ya Lamu yenye kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, na upepo wa kusi haina haja ya msaada huo. Chagua mmea kwa sababu unapenda kuutazama.

Mwanga

Nyumba ya mawe ya Lamu ina mpangilio wake. Unaingia dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, unafika kiwandani ambako jua linashuka moja kwa moja, halafu misana, vile vyumba virefu vinavyotazama kiwanda, halafu ndani. Vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake unafuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Kila hatua ukitoka kiwandani mwanga unapungua, na macho yetu hayatuambii ukweli kwa sababu yanazoea haraka. Nyumba nyingi za Malindi ni kinyume chake: madirisha makubwa, baraza pana, ua wa mchanga mweupe unaorudisha jua usoni.

Kwa hiyo usikisie. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe mahali unapotaka mmea ukae, kisha nyanyua mkono juu yake kiasi cha shibiri mbili. Kivuli chenye ukingo mkali maana yake mwanga ni mwingi. Kivuli cha ukungu lakini unavihesabu vidole, ni wastani. Usipoona kivuli chochote, hapo ni giza kwa mmea hata kama wewe unasoma gazeti bila taa.

'Laurentii' inavumilia mengi. Kwenye kivuli cha ukungu inakua vizuri. Gizani haifi upesi, inasimama tu kama ilivyo, mwaka mzima bila jani jipya. Jua la asubuhi linaifaa. La saa saba mchana linaichujua mpaka kijani chake kinageuka rangi ya majani makavu.

Kwenye zamiokulkasi ndipo watu wengi wanapoteleza. Ile ya kijani inasifiwa kwamba inaishi hata kwenye pembe za giza, na ni kweli. Mnunuzi anaichukua ya mabaka kwa sifa ya ndugu yake. Lakini hii ina jiko dogo. Iweke pasipo mwanga na itaanza kula akiba ya viazi vyake vya chini, na chipukizi linalofuata huja jembamba na dhaifu. Inataka kivuli chenye mwanga mwingi: msana unaotazama kiwanda, au baraza ambayo jua haligusi sakafu. Jua kali likiigusa, yale manjano yanageuka kahawia na kukauka kama karatasi ya khaki, na hayarudi.

Potulakaria ni ya jua, hata hii ya rangi mbili. Ipe nusu ya siku nje, vijiti vyake viwe vyekundu na kingo zake ziingie waridi hafifu. Ukiifungia ndani inarefuka ikitafuta dirisha, kisha inapukutisha vijani usiku na mchana, na kila asubuhi unafagia.

Maji, na chumvi

Hapa ndipo mimea hii inapofia kwetu, na karibu kila mara kwa maji mengi, si kwa kiu. Yote mitatu ni mimea ya kuweka akiba. 'Laurentii' huhifadhi maji kwenye majani manene na kwenye shina lake la chini ya udongo. Potulakaria huyaweka kwenye vijani na vijiti. Zamiokulkasi ina viazi, mviringo na vizito, vilivyojificha chini usivione mpaka siku utakayoihamisha.

Viazi hivyo vilinifundisha kwa uchungu. Nilinunua zamiokulkasi ya mabaka ya kwanza ikiwa na vikonyo vinne virefu. Udongo wake ulikuwa mweusi, mzito, umejaa samadi, na muuzaji aliusifu kwamba una rutuba. Sikuubadilisha. Niliiweka barazani chini ya ukingo wa makuti, masika ikaingia, na Mei kwetu ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Matone yalidondoka chunguni wiki mbili bila mimi kujali, kwa sababu majani yalikuwa yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Siku moja nilishika kikonyo kimoja kukigeuza, kikatoka mkononi bila kuvutwa. Sehemu ya chini ilikuwa laini kama muhogo uliochemka kupita kiasi, na harufu yake mbaya. Nilipochimba, kiazi kimoja tu kilikuwa kigumu. Nilikikata sehemu iliyooza, nikakiacha kivulini kikauke siku kadhaa, nikakipanda kwenye changarawe. Miezi mingi baadaye kilichipua. Chipukizi likaja la kijani tupu.

Tangu siku ile udongo nauchanganya mwenyewe kwa yote mitatu: sehemu moja udongo, sehemu moja mchanga wa mto uliooshwa, sehemu moja vigae vya chungu vilivyopondwa. Mchanga usiwe wa ufukweni. Una chumvi, na unaingiza kwenye chungu kile kile unachotaka kukiepuka. Chungu kiwe cha udongo wa kuchoma, chenye tundu chini, kwa sababu kuta zake nazo zinapumua.

Kumwagilia si kwa kalenda. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kwa potulakaria, kikitoka kikavu mwagilia. Kwa nyingine mbili, kikitoka kikavu ngoja tena siku kadhaa, na wakati wa masika unaweza kukaa wiki tatu bila kuzigusa. Potulakaria ndiyo mkweli zaidi: ikiwa na kiu vijani vyake vinasinyaa kama vidole vilivyokaa majini, ukiipa maji kesho yake vimejaa. 'Laurentii' hujikunja majani kwa urefu. Zamiokulkasi haisemi kitu mpaka mambo yameshaharibika.

Na chumvi. Visima vingi vya mjini Lamu, na vya Malindi karibu na bahari, vina maji ya magadi. Ukimwagilia kwayo miezi mitatu minne utaona utando mweupe kwenye ukingo wa chungu, na ncha za majani zinakuwa kahawia. Lamu wana bahati ya maji ya visima vya Shela, yanayochujwa na vile vilima vya mchanga. Kama huyapati, kinga maji ya mvua. Mara moja kila baada ya miezi michache, mimina maji ya mvua kwa wingi yapite chunguni na kutoka chini, yaondoke na chumvi, kisha acha pakauke kabisa. Zamiokulkasi ndiyo niliyoiona ikilalamika mapema zaidi kwa maji ya kisima, nikiilinganisha na nyingine mbili.

Kupata miche mingine

Nimeona watu wakikasirikiana kwa hili, mmoja akidhani mwenzake amempa mche wa uongo.

Ukikata jani la 'Laurentii' vipande na kuvichomeka mchangani, vitashika. Baada ya miezi vitatoa vichipukizi. Lakini vitakuwa kijani bila ukingo wa manjano, kila kimoja. Nilijaribu kwa vipande vinne nikapata sansevieria nne za kawaida. Sababu ni kwamba mmea huu ni wa tishu mbili zilizokaa pamoja, moja ya kijani na moja isiyo na umbijani, na chipukizi linalozaliwa kwenye kidonda cha jani halirithi mpangilio huo. Ukitaka ukingo ubaki, toa mmea mzima chunguni, tafuta shina la chini linalounganisha mama na mtoto, likate kwa kisu safi na umpande mtoto mwenye mizizi yake. Ndiyo njia pekee ya nyumbani.

Zamiokulkasi hukubali hata kijani kimoja kikichomekwa, lakini kwanza hujenga kiazi kidogo kama punje ya njegere chini ya udongo, na juu huoni kitu kwa miezi. Kwa aina ya mabaka matokeo ni bahati: kijani kilichotawaliwa na rangi ya kijani kinaweza kuzaa mche wa kijani, na cha manjano kitupu hakina jiko la kujilea. Kugawanya viazi wakati wa kuhamisha ni salama zaidi, ingawa hata hapo, kama nilivyosimulia, rangi inaweza kukimbia.

Potulakaria haina mashaka. Kata kijiti, kiache kivulini siku tatu kidonda kikauke, chomeka. Rangi inabaki kama ya mama. Kazi yake ni moja: kikitokea kijiti cha kijani tupu, kikate mpaka shinani mara moja. Kina jiko kamili, kitakua kwa kasi, na ukikiacha kitaufunika mmea wote.

Paka, mbuzi na watoto

Lamu bila paka si Lamu. Kwa hiyo jua kwamba zamiokulkasi ni jamaa ya majimbi. Hata jina lake limebeba neno la Kiarabu, qulqas, ambalo ndilo majimbi yenyewe. Kama jimbi bichi linavyowasha, ndivyo utomvu wake: una vifuwele vya oksaleti ya kalisi vinavyochoma mdomo na koo. Nawa mikono baada ya kukata, na usikiweke kikonyo karibu na mtoto anayetambaa. 'Laurentii' nayo ina saponini, kitu chenye povu kama sabuni. Paka akiitafuna atatokwa na mate na kutapika.

Potulakaria haina sumu. Huko Afrika Kusini inakoota porini ni chakula cha tembo na mbuzi, na vijani vyake vina uchachu ambao watu nao huvitia kwenye kachumbari. Uzuri huo una gharama yake mjini Lamu. Ukiiweka nje ya mlango, punda wa kwanza atakayepita hatakuachia hata kijiti.

Mfuko na subira

'Laurentii' ni rahisi kuipata na bei yake haiumizi. Asili yake ni Afrika Magharibi na Kati, na imekuwa kwenye vyungu vya watu zaidi ya karne. Kama kibao kimeandikwa Dracaena trifasciata usishangae, wataalamu wameihamishia kundi hilo. Mmea ni ule ule. Ikizeeka na kubanwa na chungu huenda ikatoa maua, vijinyota vya kijani hafifu vinavyofunguka usiku, na harufu yake inanukia. Sisi tuliolelewa na asmini na mrehani tunajua thamani ya hilo. Potulakaria nayo ni ya bei ya chini, na ukimjua mwenye nayo unapewa kijiti bure.

Zamiokulkasi ya mabaka ni ghali mara nyingi zaidi, na unalipia muda. Zamiokulkasi ni mmea wa kwetu, unaota kwenye misitu ya pwani kuanzia Kenya mpaka Afrika Kusini. Wanasayansi wa Ulaya waliueleza mwaka 1829, lakini haukuwa mmea wa nyumbani wa dunia nzima mpaka wakulima wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi karibu mwaka 1996. Hii ya mabaka ni mpya zaidi sokoni: inakua taratibu, miche yake michache, na si kila mche unashika rangi.

Ukiamua kuinunua, chuchumaa kabla ya kulipa. Tazama kikonyo pale kinapotokea udongoni. Kama kina mstari wa manjano au wa kijani hafifu unaopanda juu, chipukizi zijazo zina matumaini ya kubeba rangi. Kama mabaka yako kwenye kijani kimoja viwili na kikonyo ni kijani kitupu, unanunua kitu kinachoweza kupotea. Na kile kikonyo cha manjano kuanzia chini mpaka juu, ambacho ndicho kitakachokuvutia zaidi, hakijilishi. Kinanyonya viazi na kitachoka. Bonyeza shina kwa kidole. Liwe gumu.

Kwa hali yako

Kama nyumba ni ya mawe na pa kuweka ni chumba cha ndani kisichotoa kivuli kwenye karatasi, chukua 'Laurentii', na kila wiki mbili ipeleke msanani ikapumzike. Usiihukumie zamiokulkasi ya mabaka adhabu hiyo.

Kama una dari ya juu iliyo wazi au baraza yenye jua, watoto wadogo na paka, potulakaria. Hata mwenye mkono mwepesi wa kumwagilia mara kwa mara ataiona nafuu, mradi iko juani kwenye chungu cha udongo.

Kama una mahali penye mwanga bila jua, huna kiumbe kinachotafuna, na unaweza kungoja miezi kuona kikonyo kimoja kikifunguka, zamiokulkasi ya mabaka itakulipa. Sijaona mmea mwingine wa chungu ambao jani jipya linangojwa kwa hamu hivyo, kwa sababu hujui litakuja na sura gani.

Kwa anayesafiri miezi miwili kwenda Mombasa au Uarabuni, 'Laurentii' au zamiokulkasi zitamngoja. Potulakaria ya juani itahitaji jirani.

Kwa safari ya Lamu yenyewe, kupitia Garsen na Witu mpaka Mokowe, kisha mashua: funga majani ya 'Laurentii' pamoja kwa leso, maana ncha ikivunjika kovu linabaki hapo daima. Zamiokulkasi ilaze ubavu na udongo ukiwa mkavu. Potulakaria itapoteza vijani njiani, na hata vijiti vilivyovunjika utavichomeka ukifika.

Binti yangu alinitumia picha ya karatasi na mkono wake, msanani. Vidole vilihesabika kwa shida, na pembeni mkia wa paka. Alichukua 'Laurentii'. Zamiokulkasi amemwomba mdogo wangu aiweke barazani Malindi, juu ya meza ndefu, mpaka masika ipite.